Oili Nzito

Tulipoombwa kuandika kwa ajili ya kitabu hiki, tuliambiwa tuchague jambo moja lililoijaribu imani yetu. Wengine wataandika juu ya magonjwa, wengine juu ya misiba, wengine juu ya watoto waliosubiriwa miaka mingi. Sisi tunaandika juu ya gari. Tunajua msomaji atacheka kidogo, na acheke tu, kwani sisi nasi tulianza kwa kucheka.

Tunasema "sisi" kwa sababu jambo hili tulilifanya wawili, mchungaji na mke wake. Mahali pengi hapa chini mtasoma "mmoja wetu". Tumekubaliana kutosema ni yupi. Tangu Adamu na Hawa, watu wa ndoa wamekuwa hodari wa kunyosheana vidole mbele za Mungu, na haijawasaidia kitu.

Tunaishi Tongoni, karibu kilomita 20 kusini mwa mji wa Tanga, kwenye barabara ya Pangani. Wageni wanapafahamu kwa ajili ya magofu: msikiti wa kale uliobaki kuta, na makaburi ya mawe ambayo mengine yalikuwa na nguzo ndefu, nyingi zimekwisha kuanguka. Mtaa wetu wa kanisa ni mdogo. Majirani zetu wengi ni Waislamu, wavuvi na wakulima wa minazi, na tunazikana na kuozana karamu bila shida. Mahali kama hapo mchungaji akiwa na baiskeli anatosha, na akiwa na pikipiki amebarikiwa. Sisi tulikuwa na Subaru Impreza WRX.

Ilikujaje? Mwaka 2018 marehemu kaka yetu alitutoka ghafla. Aliacha mjane, mabinti wawili, na hilo gari la mwaka 2002. Kaka alipenda magari tangu ujana. Alipokuwa akifanya kazi Mombasa miaka ya tisini, Subaru ndiyo iliyokuwa ikitikisa Safari Rally. Ilishinda mwaka 1996 kwa mkono wa Kenneth Eriksson, na mwaka 1997 kwa mkono wa Colin McRae. Picha ya McRae, iliyokatwa gazetini, tuliikuta ndani ya gari pamoja na risiti za gereji, zote zimepangwa kwa tarehe. Baada ya matanga ukoo ulikaa, ukaamua gari liuzwe na fedha zisomeshe binti mkubwa aliyekuwa akiingia chuo. Sisi tukapewa kulitunza mpaka apatikane mnunuzi. Kwa nini sisi? Kwa sababu mchungaji ni mwaminifu. Maneno hayo yalisemwa na mzee wa ukoo mbele ya watu wote, na tuliyapokea kwa kuinamisha vichwa.

Siku za kwanza tuliliwasha tu kila Jumamosi ili betri isife. Kisha tukalipeleka sokoni mara moja. Kisha mtaani kwa ibada. Lilikuwa na ngurumo yake ya pekee, na tundu lile juu ya boneti, na watoto walitoka mbio nyumba hata nyumba kulitazama. Mmoja wetu alisema, "Hata Injili inahitaji kufika mapema." Tulicheka. Lakini ukweli ni kwamba tulipenda kutazamwa, na mwezi wa tatu tulikuwa hatusemi tena "gari la marehemu". Tulisema "gari letu".

Gari la namna ile likizeeka si kama gari jingine lililozeeka. Fundi wetu wa Tanga mjini alitueleza kwa subira. Pistoni zake hazisimami wima, zimelala ubavu zikitazamana. Lina tabo, yaani kifeni kidogo kinachozungushwa na moshi wa ekzosi na kuisukumia injini hewa nyingi kuliko inavyoweza kuvuta yenyewe. Kifeni hicho huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachokilinda kisiungue ni oili ile ile ya injini, nyembamba na safi. Kwa hiyo, alisema, oili ya gari hili isipimwe siku ya huduma tu. Ipimwe kila wiki, maana injini yenye tabo ikizeeka hula oili kimya kimya, na taa ya kwenye dashibodi ikiwaka huwa umechelewa. Mkanda wa taimingi hubadilishwa karibu kila kilomita 100,000, kwa sababu ukikatika, vali na pistoni hukutana na injini hufia hapo hapo. Ukitoka mwendo mrefu usizime mara moja, liache lipumue dakika moja au mbili. Na hewa ya chumvi ya pwani itakula bodi kuanzia chini, mahali usipopaona.

Tuliandika yote hayo kwenye daftari. Mwanzoni tulitii. Lakini posho ya mchungaji wa mtaa mnaijua wenyewe. Oili iliyotakiwa ilikuwa ghali. Bushi za mbele zikaisha, kisha klachi ikaanza kuteleza, kisha rejeta ikavuja. Tulifanya lile lililopiga kelele, na lile lililokaa kimya tukaliahirisha. Mwezi mmoja hatukupima oili. Na uliofuata.

Usiku mmoja wa masika jirani yetu, mzee mvuvi, alitugongea. Mkaza mwanawe alikuwa na uchungu tangu mchana na mambo yalikuwa yameharibika. Tulimweka yule mama kiti cha nyuma na kuondoka kwenda hospitali ya Bombo. Barabara ilikuwa matope na makorongo, na mmoja wetu aliyeshika usukani alilikamua gari kama vile McRae mwenyewe. Tulifika. Mtoto alizaliwa salama kabla ya alfajiri, wa kiume, na mama yake anaendelea vizuri hadi leo. Mungu apewe sifa kwa hilo, na hatulijutii.

Lakini asubuhi, tulipowasha gari kurudi nyumbani, tulisikia mlio mpya. Tok, tok, tok, toka chini kabisa, ukiongezeka kila mguu ulipokanyaga mafuta. Tulichomoa stiki ya oili. Ilitoka kavu.

Fundi alisikiliza kwa muda mfupi tu, akazima. "Beringi za konirodi," alisema. "Zimekula. Mchungaji, usiliendeshe tena. Hapa ni kufungua injini yote, au kutafuta injini ya mtumba. Uwe na milioni tatu, nne." Tukamwuliza kama hakuna njia nyingine. Akafuta mikono yake kwa kitambaa. "Wako watu wanaotia oili nzito. Mlio unapungua. Unapata wiki, wiki mbili. Wanauza. Lakini mimi, Mchungaji, kwa mkono wangu siitii." Fundi huyo ni Mwislamu. Hakutuhubiria. Alisema hivyo akaenda kwenye gari jingine.

Milioni nne hatukuwa nazo. Ada ya chuo ilidaiwa mwezi ule. Mjane alipiga simu mara mbili. Tulikaa usiku kucha tukihesabu, na kila hesabu iliishia pale pale. Ndipo mmoja wetu aliposema, "Hatukuliharibu kwa anasa. Liliharibika tukiokoa maisha ya mtu." Na mwenzake hakujibu. Mpaka leo tunabishana nani alikosa zaidi, aliyesema au aliyenyamaza. Lakini tazameni jinsi dhambi inavyojua kuvaa. Haikutujia ikiwa na sura ya wizi. Ilitujia ikiwa imempakata mtoto mchanga. Na ilisahau kutukumbusha kwamba oili ilikuwa imekauka kabla ya usiku ule, kwa uvivu wetu.

Tulinunua oili nzito katika duka ambalo hatukuwa tukijulikana. Tukaitia wenyewe chini ya mwembe, jioni. Gari likanyamaza.

Mnunuzi alikuwa kijana wa kwaya yetu, fundi umeme, aliyekuwa akiweka akiba kwa miaka minne. Alilipenda gari lile tangu siku ya kwanza lilipoingia Tongoni. Alilizunguka, akasikiliza, akauliza, "Baba Mchungaji, Mama Mchungaji, halina tatizo?" Tukamjibu, "Gari la zamani halikosi mambo yake." Neno hilo ni kweli. Ndiyo sababu lilikuwa uongo mkubwa sana, kwa kuwa tulichagua ukweli ambao ungemfanya asiulize zaidi. Hakuita fundi kulikagua. Angeita fundi kama angenunua kwa mtu mwingine. Alitoa shilingi milioni 6 na laki 5, tukasali pamoja, akaondoka akipiga honi.

Siku ya tisa injini ilivunjika karibu na Muheza. Konirodi ilitoboa ukuta wa injini, na oili ikamwagika barabarani. Tulisikia habari hizo kwa watu. Tulimsubiri aje kutulaumu, tukiwa tumejiandaa na majibu. Alikuja siku ya mazoezi ya kwaya, akatusalimia kwa adabu kama kawaida, akasema, "Ni mapenzi ya Mungu. Hata ninyi hamkujua." Majibu yetu yote yalikwama kooni. Angetutukana, tungejitetea. Alituamini, na hapo hatukuwa na pa kusimama.

Wiki zile mmoja wetu alikuwa akifundisha darasa la kipaimara. Walifika amri ya saba. Wengi wenu mnakumbuka jinsi Luther anavyoifafanua katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529: kwamba wizi si kuvunja mlango peke yake, bali pia kumtoa mwenzako mali yake kwa bidhaa mbovu na biashara ya hila. Binti mmoja wa miaka kumi na minne akanyosha mkono. "Baba Mchungaji, bidhaa mbovu ni kama nini?" Jibu halikutoka. Darasa likaahirishwa. Yule mwalimu ni mtu aliyesomea theolojia chuoni, aliyefanya mitihani ya somo hilo hilo na kufaulu. Mtoto alimwuliza swali moja, akaenda nyumbani.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya Chakula cha Bwana. Tulijua vema neno la Yesu katika Mathayo 5, juu ya mtu anayeleta sadaka yake madhabahuni na kukumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Tatizo letu lilikuwa gumu zaidi: ndugu yetu hakujua kwamba ana neno juu yetu.

Jumamosi yake jioni yule mzee mvuvi alikuja na samaki, kama alivyokuwa akifanya tangu mjukuu wake azaliwe. Alituona hatuna raha. Kwa nini tulimwambia yeye kwanza, kabla ya wazee wa kanisa? Labda kwa sababu tuliona aibu kidogo zaidi kwa watu wetu. Tulimweleza yote. Alikaa kimya akivuta ndevu zake. Kisha akasema, "Wanangu, chombo hakiuzwi kikiwa majini. Ukitaka kuuza, kivute pwani, mnunuzi alale chini yake atazame pa kupitisha maji. Deheni mpya hufunika mengi. Ukishampiga mtu deheni machoni, akizama umemzamisha wewe." Halafu akaongeza jambo ambalo hatukulitegemea: "Na mjukuu wangu msimtie humo. Yeye si bei ya kitu."

Baada ya yeye kuondoka tulitembea mpaka ufukweni. Historia ya pwani yetu inasimulia kwamba mwaka 1498 chombo kimoja cha Vasco da Gama, São Rafael, kilipanda mwambani hapa Tongoni, kikanasuka maji yalipojaa. Mwaka uliofuata, mwezi Januari, wakirudi kutoka Bara Hindi, walirudi hapa hapa na kukichoma moto. Mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa ugonjwa, na waliobaki hawakutosha kuendesha vyombo vitatu. Hatuwasifu watu wale. Waliyoyaleta pwani hii baadaye yanajulikana. Lakini jioni ile tuliwaza: hata wao walifika mahali wakakiri kwamba chombo hiki hatukiwezi. Sisi tungeweza kusema hivyo kwa ukoo tangu mwezi wa kwanza. Tungesema, gari hili limetushinda, posho yetu haliwezi, mpeni mwingine au liuzwe sasa lingali zima. Kosa letu halikuanza na oili nzito. Lilianza siku tulipoona fahari kuitwa waaminifu, tukaona haya kuitwa maskini.

Jumapili ile mwinjilisti aliongoza ibada. Sisi wawili tulikuwa nyumbani kwa kijana. Tulimwambia: tulijua. Tulimweleza beringi, oili, na mwembe. Hakusema neno kwa muda mrefu. Mama yake aliinuka akatoka nje. Mwisho akauliza, "Siku ile tulisali. Mlikuwa mnasali nini?" Hatukuwa na jibu, na hatunalo.

Zakayo alirudisha mara nne. Sisi hata mara moja ilitutoa jasho. Tuliuza ng'ombe wetu wawili na shamba dogo la minazi, tukakopa SACCOS, tukamlipa zile milioni 6 na laki 5 kwa awamu tatu katika miezi kumi na minne, pamoja na gharama ya kulivuta gari kutoka Muheza. Binti aliendelea na chuo, kwa kuwa ada ilikuwa imekwisha kulipwa. Hatukuweza kumdai mjane. Tulimweleza naye. Alilia, si kwa ajili ya fedha, bali kwa ajili ya zile risiti za mumewe zilizopangwa kwa tarehe. Tulitoa taarifa kwa baraza la wazee na kwa Mkuu wa Jimbo, na kwa muda mchungaji hakuhudumu madhabahuni. Wako washarika waliosema mambo ya nyumba ya mchungaji hayafai kuanikwa. Mzee mmoja alituambia tumelivunjia kanisa heshima. Tulimjibu kwamba heshima ilivunjika chini ya mwembe. Tulichofanya baadaye ni kuonyesha vipande.

Gari lilirudi kwetu bila uhai. Tuliliuza kama vipuri, na safari hii tulibandika karatasi kwenye kioo. Mstari wa kwanza uliandikwa, "Injini imekufa." Wa pili, "Kutu ipo chini ya milango yote miwili ya nyuma." Watu walisoma, wakacheka, na wakanunua hata hivyo. Giaboksi ilikwenda Korogwe. Ile picha ya gazeti tulimpelekea mjane.

Tumejifunza nini? Tulipokuwa tukilitukuza lile gari tulidhani magari ya Safari yalishinda kwa sababu yalikuwa imara. Fundi ndiye aliyetusahihisha. Gari la mashindano hufika mwisho kwa sababu kila kituo mafundi hulilalia chini, hulifungua, hubadilisha kilicholegea kabla hakijavunjika. Ndivyo Luther alivyoanza zile hoja zake 95 mwaka 1517: maisha yote ya aaminiye ni ya toba. Si toba ya siku injini ikipasuka. Ni ya kila siku, ya kuchomoa stiki na kutazama. Kila Jumapili tunasema maungamo kwa pamoja, na sisi tuliyasema miezi mingi kwa sauti nzuri, laini, isiyo na mlio wowote. Hiyo nayo inaweza kuwa oili nzito, wapendwa. Ibada inaweza kufunika mgongano, na chini beringi zinaendelea kulika.

Je, kijana ametusamehe? Alisema amesamehe, nasi tunamwamini. Lakini aliacha kwaya kwa mwaka mzima. Alipolipwa awamu ya mwisho alihesabu fedha, akaziweka mfukoni, akasema kwa upole, "Deni limekwisha. Ila sasa nikisikia mahubiri yenu, nasikiliza kama ninavyosikiliza injini."

Maneno hayo yalituuma sana. Tuliyabeba nyumbani kama adhabu. Lakini miaka ilivyopita tumeanza kuyapokea kama zawadi. Amerudi kanisani, anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na macho yake hayatoki mimbarani. Hatumwombi tena Mungu amwondolee masikio yale. Tunamwomba ayatunze, na atupe sisi moyo wa kufunguliwa kabla ya kupanda madhabahuni. Jumamosi usiku, watoto wakilala, sisi wawili hukaa na kuulizana swali moja: wiki hii tumetia nini ili kunyamazisha kitu? Mara nyingine jibu huwa dogo. Mara nyingine mmoja wetu huomba taa izimwe kwanza, ndipo aseme.

Nawe mpendwa msomaji, kama kuna mlio ulioufunika nyumbani mwako au kazini mwako, usingoje Muheza. Mwite fundi angali yupo. Bwana ni mwingi wa rehema, na hashangai akiona stiki ikitoka kavu. Amina.